Uzoefu wangu na katuni tano za Oscar 2025: Flow ilistahili zaidi ya ilichopewa

Oscar za mwaka 2025, zilizotolewa Machi 2, zimetuachia ubishi nyumbani ambao hadi leo haujaisha. Kwenye filamu bora ya katuni ziliteuliwa tano: Flow ya Latvia, Inside Out 2 ya Pixar, The Wild Robot ya DreamWorks, Memoir of a Snail ya Australia, na Wallace & Gromit: Vengeance Most Fowl ya Uingereza. Flow ikachukua. Shemeji yangu anasema The Wild Robot imedhulumiwa. Mimi nasema mshindi alikuwa sahihi, na kwamba Flow ilipaswa kuwemo pia kati ya zile filamu kumi zinazowania tuzo kubwa ya usiku ule, Filamu Bora. Zote tano nimezitazama kwa pesa yangu, nyingine nimezirudia, kwa hiyo sisemi ya kusimuliwa.

Nianze na Flow. Ni dakika 85 na hakuna mtu hata mmoja anayesema neno. Paka wa kijivu kilichokolea anaishi peke yake kwenye nyumba iliyohamwa. Binadamu hawapo, vimebaki vitanda, makaratasi ya michoro na sanamu za paka nje ya nyumba. Halafu maji yanakuja. Hatuelezwi yametoka wapi wala wenyeji wamekwenda wapi, na filamu haijisumbui kutueleza. Paka anajikuta kwenye mashua ya tanga pamoja na kapibara, yule mnyama mkubwa wa Amerika Kusini aliye wa ukoo wa panya, lemuri wa Madagaska anayekusanya vyombo na vioo, mbwa aina ya Labrador, na ndege mrefu wa miguu mirefu ambaye sisi tunamjua vizuri: karani tamba.

Kwa ajili ya huyo ndege mama yangu mzazi alikaa hadi mwisho. Mama hajui Kiingereza, na katuni kwake ni kelele za watoto. Zikiwashwa huondoka sebuleni. Safari hii alikuwa anapita na bakuli la mchele anaochambua, akasimama. "Huyo si karani? Sisi kwetu tulikuwa tunamwona porini anakanyaga nyoka." Akaketi na mchele wake. Ilipofika pale ndege yule anapomkingia paka dhidi ya kundi lake mwenyewe, mkuu wa kundi akampiga hadi bawa likaumia, mama aliacha kabisa kuchambua. Mwanangu wa miaka sita, mama, na mimi tulikuwa tunaelewa kitu kilekile kwa wakati uleule, bila mtu kumtafsiria mwenzake. Nimezoea kukaa katikati ya sebule nikiwa mkalimani wa filamu, kila sentensi naulizwa "kasemaje?" Siku ile nilitazama tu.

Sasa ufundi wenyewe. Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, anapenda kuiacha kamera itembee bila kukata. Inamfuata paka anapokimbia, inazama naye majini, inaibuka naye, inapanda mlingoti, yote kwa pumzi moja. Mwanzoni paka anayaogopa maji kama paka yeyote: masikio yamelala, mboni zimetanuka, mwili umeshuka hadi tumbo linagusa mbao. Baadaye anajifunza kupiga mbizi kuvua samaki, na badiliko hilo unaliona mgongoni mwake tu, hakuna wimbo wala hotuba ya kukuambia kwamba sasa ni jasiri. Sauti za wanyama ni za wanyama wa kweli, ingawa si kila mmoja ana yake mwenyewe: kapibara, kwa mfano, sauti yake ni nyembamba mno, kwa hiyo walimpa sauti ya ndama wa ngamia. Tafuta spika nzuri. Kwenye spika ya TV yetu mvumo wa maji unapotea, na nusu ya hofu ya filamu hii imo kwenye mvumo huo.

Kasoro zipo. Manyoya ya wanyama ukiyatazama kwa karibu ni bapa, hasa ya mbwa. Mwanangu mkubwa alisema yanafanana na gemu, na sikumbishia. Lakini ukijua filamu iligharimu takriban euro milioni 3.5, wakati Inside Out 2 inatajwa kugharimu dola milioni 200, hilo unalipima kwa jicho jingine. Tena imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta na bando anaipakua. Zilbalodis alianzia hapohapo chini: filamu yake ndefu ya kwanza, Away, aliifanya peke yake. Vijana wengi Dar, Nairobi na Kampala wanajifunzia programu hiyohiyo. Tulishaona mwaka 2023 kwenye Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni fupi za Afrika, walivyofanya Raymond Malinga wa Uganda na Ng'endo Mukii wa Kenya. Kwa hiyo ushindi wa Flow naupokea kama habari inayowahusu hata wao. Ile ilikuwa Oscar ya kwanza kabisa kwa Latvia, na huko Riga, Golden Globe ya filamu hiyo iliwekwa kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa, watu wakapanga foleni kuiona.

Nimtendee haki shemeji, maana hoja zake si za ushabiki tu. The Wild Robot iliteuliwa mara tatu: katuni, muziki na sauti. Kwenye tuzo za Annie, ambazo ni za watu wa fani ya katuni wenyewe, ndiyo iliyobeba ile kubwa. Na Roz, roboti anayetupwa na dhoruba kisiwani na kujikuta analea kifaranga cha bata bukini, ana sauti ya Lupita Nyong'o. Tukiwa watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kujivunia, lakini hata ukiondoa ujirani, kazi aliyoifanya mle ni ya kiwango cha juu sana. Mwanzo Roz anaongea kama mhudumu aliyekaririshwa salamu: mchangamfu, sawasawa, hakuna kinachomgusa. Kadiri kifaranga kinavyokua, sauti ileile inaanza kusita, inashuka, inachelewa kujibu. Huwezi kuonyesha ni sentensi gani hasa aliyobadilika. Uso wa Roz hauna mdomo wala nyusi, kwa hiyo hisia zote hizo ni koo la Lupita. Alishapata Oscar mwaka 2014 kwa kuonekana mwili na uso. Kwa sauti pekee, hakuna mwigizaji aliyewahi kuteuliwa kwenye tuzo za uigizaji za Oscar, tangu zianze. Hapo mimi na shemeji ni kitu kimoja: Lupita alistahili kuteuliwa kuwa mwigizaji bora wa kike, na si kwa kuhurumiwa.

Michoro yake pia inapendeza. Misitu imepakwa kama kwa brashi, na Roz mwenyewe anaanza akiwa laini na mng'aro wa kiwandani, kisha anachubuka, anaota ukungu, hadi anafanana na kisiwa. Inaponipoteza ni theluthi ya mwisho. Kampuni inakuja kumchukua roboti wake, zinaanza mbio na milipuko, na filamu iliyokuwa inasikiliza ukimya wa theluji inakuwa kama filamu nyingine nyingi. Flow haikuyumba hivyo hata dakika moja. Ndiyo sababu kura yangu iko kwake.

Zile tatu nyingine nitazipitia haraka. Inside Out 2 ina tukio moja ambalo ningelionyesha kwa kila mzazi mwenye binti wa miaka kumi na mitatu: Wasiwasi, hisia iliyofanywa mhusika ndani ya kichwa cha msichana Riley, anapong'ang'ania usukani hadi Riley anaishiwa pumzi pale pembeni mwa uwanja wa magongo. Lililobaki ni zuri lakini tumeshalitazama kwenye ile ya kwanza. Imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, haina haja ya kuonewa huruma na mtu. Wallace & Gromit, ambayo iko Netflix, ni ya udongo, imesogezwa kwa vidole na kupigwa picha moja baada ya nyingine; ilichukua BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, na nilicheka sana, hasa kwa yule pengwini Feathers McGraw anayetisha kwa kukaa kimya tu na kukukodolea macho. Memoir of a Snail ya Adam Elliot nayo ni ya vinyago vya udongo, na hii msiwawekee watoto. Narudia, msiwawekee. Ina misiba, upweke, ulevi na mambo ya chumbani. Kwa mtu mzima ni filamu nzito na ya huruma kubwa. Ilishinda tuzo kuu ya filamu ndefu kwenye tamasha la katuni la Annecy, Ufaransa, mwaka 2024. Kama Flow isingekuwepo, ningeipa hiyo.

Mkiangalia tano hizi mtaona kwa nini tuzo moja ya "katuni" haizitoshi. Hadithi ya mwanamke mpweke wa Australia na vichekesho vya pengwini mwizi vinawekwa kapu moja kwa sababu tu hakuna binadamu aliyesimama mbele ya kamera. Hakuna anayefanya hivyo kwa filamu za kawaida. Tuzo hii ya katuni ilianza kutolewa mwaka 2002, Shrek ikawa ya kwanza. Kwa Filamu Bora, katuni zilizowahi kuteuliwa ni tatu katika historia nzima: Beauty and the Beast ya 1991, Up ya 2009 na Toy Story 3 ya 2010. Hakuna iliyoshinda, na tangu hapo hakuna iliyoingia. The Lion King, iliyotolewa 1994 na inayojulikana hadi vijijini kwetu, iliambulia tuzo za muziki. WALL-E, iliyotolewa 2008, iliteuliwa mara sita ikiwa na skripti bora kabisa, ikaachwa nje ya Filamu Bora. Mwaka uliofuata nafasi zikaongezwa kutoka tano hadi kumi. Flee ya Denmark, kuhusu mkimbizi wa Afghanistan, iliteuliwa 2022 kwenye makundi matatu kwa mpigo, yaani katuni, filamu ya kimataifa na ya ukweli, na ikatoka mikono mitupu.

Mwaka huohuo wa 2022, waliopanda jukwaani kutangaza mshindi wa katuni walizizungumzia kama filamu ambazo watoto hurudia kuzitazama huku wazazi wakivumilia. Niliumia. Watu waliokaa miaka minne mitano wakipanga mwanga kwenye kila fremu walikuwa wameketi ukumbini humo humo. Mwaka uliofuata Guillermo del Toro aliposhinda kwa Pinocchio alisema palepale jukwaani kwamba katuni ni sinema, si aina fulani ya filamu, na ukumbi ulimpigia makofi. Makofi hayajageuka kura. Na hili si jambo lisilowezekana: tamasha la Berlin mwaka 2002 liliipa Spirited Away ya Hayao Miyazaki Dubu wa Dhahabu, tuzo yake kuu, ikishindana na filamu za watu.

Hoja ya shemeji inayonipa kazi zaidi ni hii: bila tuzo ya pekee ya katuni, filamu ya Latvia ya euro milioni tatu na nusu ingepata wapi nafasi ya kuonekana? Ni kweli. Sitaki tuzo hiyo ifutwe. Ninachokataa ni mpiga kura kuitumia kama sehemu ya kuziweka katuni ili asizifikirie tena. Sheria inaruhusu filamu moja kuwania pande zote mbili. Tena Flow waliiteua pia kuwania filamu bora ya kimataifa, maana yake walishakubali inaweza kusimama na filamu za watu. Hatua iliyobaki ilikuwa ndogo. Walau kuanzia tuzo za 2026 wapiga kura wanatakiwa wawe wametazama filamu zote za kundi kabla ya kupiga kura ya mwisho ya kundi hilo. Ni utaratibu ambao ulipaswa kuwepo zamani, kwa sababu katuni ndizo zilikuwa zinapigiwa kura kwa kukumbuka watoto wa nyumbani walipenda ipi.

Alama zangu, juu ya kumi: Flow tisa na nusu, Memoir of a Snail tisa, The Wild Robot nane na nusu (Lupita peke yake kumi), Wallace & Gromit nane, Inside Out 2 saba. Mkiwa na watoto wadogo, Flow ina matukio ya maji yanayotisha. Wa miaka mitano kushuka chini kaeni nao karibu. Itazameni kwenye TV, si kwenye simu, maana paka yule anapotea kabisa kwenye kioo kidogo. Zimeni taa. Na majina ya waliotengeneza yakianza kupanda msizime, kuna kipande kifupi kinakuja baada ya hayo, na sisi hapa nyumbani bado tunabishana kinamaanisha nini.