TAHADHARI: Dalali anayeuza mashamba ya miti Njombe na Makete kwa wasapu

Wakuu habari za saa hizi. Mimi niko huku Njombe nina kitalu cha miche, sasa kwa vile namba yangu wanayo watu wengi napigiwa sana na watu wa Dar na wengine wako nje kabisa, wananiomba nikawaangalizie shamba walilonunua. Nikifika hamna shamba, au shamba lipo ila mwenyewe ni mzee wa pale pale kijijini na hajamuuzia mtu hata mti mmoja. Na wote wakisimulia unaona ni jamaa yule yule, anabadilisha jina na laini ila maneno ni yale yale.

Anakutumia picha za misindano (miti ya paina) imenyooka kwenye mistari, imepogolewa vizuri, kapiga na droni, anakwambia ina miaka mitatu, ekari moja ina miti elfu moja, miaka mitano mbele unapasua mbao. Hapo tu shtuka. Huku tunapanda mita 3 kwa 3, ekari inaingia miti kama 440 hivi, ukitaka elfu moja ubananishe 2 kwa 2 na usipokuja kupunguza utavuna mirunda, yani miti myembamba ya nguzo tu. Halafu msindano wa miaka minane ni mbao gani hizo? Watu wanakata kweli, wakibanwa na ada za shule, lakini mbao inakuwa changa na nyembamba, wakati shamba la serikali Sao Hill pale Mufindi wanaiacha mpaka miaka 18 na kwenda juu. Kuna dada yuko Oman yeye kauziwa mitiki Makete! Mitiki, Makete, kwenye baridi ile ya mwezi wa saba. Mitiki inataka joto ndo maana utaikuta Kilombero, Mtibwa, Longuza kule Muheza. Picha yenyewe ukiikuza unaona minazi kwa nyuma.

Mkataba sasa. Anao mzuri tu, umechapwa na una muhuri. Ila soma vizuri, umeandikwa kauza "miti iliyopo shambani", ardhi haijatajwa popote, yani hata shamba lingekuwepo kweli ukishavuna huna chako. Na muhuri ni wa kitongoji, wakati ardhi ya kijiji kwa sheria ya mwaka 1999 inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa hiyo wa kumuuliza ni mtendaji wa kijiji, akuoneshe muhtasari wa kikao kilichopitisha hayo mauzo. Nilimpelekea mtendaji mmoja karatasi ya huyu jamaa akacheka, kitongoji kilichoandikwa hakipo kwenye kijiji chake.

Lakini hela anayokula vizuri sio ya kununua, ni ya usimamizi. Kila msimu palizi, mlinzi, kusafisha barabara za moto (njia zinazofyekwa kuzuia moto usiingie), laki mbili, laki tatu, na mtu analipa bila kinyongo maana anajua miti inakua. Halafu kiangazi kikikolea, mwezi wa tisa wa kumi hivi, unapata meseji bosi pole moto umepita. Na moto huku unapita kweli, mtu anaandaa shamba lake la mahindi unamponyoka unaingia kwenye miti, kwa hiyo aliyeko mbali atabisha nini? Picha za miti iliyoungua anazo, nimeziona kwenye simu za watu tofauti, kisiki ni kile kile na kivuli kimelalia upande ule ule.

Namba yake siiweki, ashabadilisha. Ila kama kuna mtu yuko katikati ya malipo na maelezo yanafanana na haya asitume ya palizi kwanza. Amwambie huyo dalali apige video akiwa mpakani pamoja na mtendaji na majirani wa pande zote, na atume lokesheni hapo hapo. Wale niliowashauri hivyo waliambiwa mtandao wa huku mbovu, kesho yake wakablokiwa. Meseji za miamala na mkataba msifute, pelekeni polisi hivyo hivyo vilivyo.