Miezi minne na vizibo vya masikio kwenye mashine ya kusaga, Kadutu

Ninafanya kazi kwenye mashine ya kusaga mihogo na mahindi hapa Kadutu, Bukavu, na kwa miaka sita nilirudi nyumbani kila jioni masikio yakivuma, hata mke wangu akazoea kunirudilia neno mara mbili au tatu. Nilikuwa nikijiziba kwa pamba, kumbe pamba huzuia kelele kidogo sana. Miezi minne iliyopita nilinunua kwenye famasia jozi tatu za vizibo vya sifongo kwa dola moja.

Majuma mawili ya kwanza nilikaribia kuvitupa. Nilikuwa nikivisukuma tu kwa kidole, nusu ikabaki nje, na ngurumo ya mota ikapita kama kawaida. Mdogo wangu anayesomea uuguzi ndiye aliyenifundisha: ukisokote kwa mikono safi mpaka kiwe chembamba, upitishe mkono wa pili juu ya kichwa ulivute sikio kwenda juu na nyuma ili tundu linyooke, ukiingize upesi, kisha ukishikilie kwa nusu dakika hivi mpaka kitanuke. Kikikaa sawasawa, sauti yako mwenyewe unaisikia nzito, kana kwamba unasemea ndani ya mtungi. Siku hiyo mota ya mazuti, yaani dizeli, ilipowaka, kwa mara ya kwanza sikukunja uso.

Pakiti imeandikwa kwamba kizibo hupunguza kelele kwa desibeli 37 (desibeli ni kizio cha kupimia ukubwa wa sauti), lakini hicho ni kipimo cha maabara, na kazini kinga huwa ndogo kuliko hapo. Hata hivyo kila desibeli inayopungua ina thamani. Kanuni inayotumiwa sana katika afya ya kazi huruhusu desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda huo hukatwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 mtu hubaki na dakika 15 tu. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena, na hilo ndilo linalonitia uchungu ninapokumbuka miaka yangu ya pamba.

Kasoro zipo. Vumbi la unga hukigandisha kizibo, kwa hiyo jozi moja hainifikishi mbali, na masikio hupata joto mchana. Mama mmoja alidhani ninamdharau kwa sababu sikumwitikia. Sasa wateja wangu hunionyesha kwa vidole idadi ya ndoo zao. Vile vyenye kamba sikuvitaka, maana kamba inayoning'inia shingoni karibu na mkanda wa mashine ni hatari.

Sikio langu la kulia bado linavuma usiku, ingawa si kama zamani. Kijana anayenisaidia kumimina mihogo, mwenye miaka 19, amevaa vyake tangu siku yake ya kwanza kazini, nami humkagua kila asubuhi kabla sijawasha mota.