Microsoft Defender: inatosha nyumbani, ila haizuii kila onyo bandia

Defender, programu ya Microsoft ya kukinga kompyuta dhidi ya virusi, huja ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo, na kwa kompyuta ya nyumbani sioni haja ya kununua nyingine. Hukagua mafaili yanapofunguliwa. Kwa virusi sugu kuna ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka: mashine hujizima na kuwaka yenyewe, kazi ikachukua kama dakika 15, kwa hiyo hifadhi ulichokuwa ukiandika. Ulinzi wa folda dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili ili udaiwe fidia huja ukiwa umezimwa. Uwashe, ingawa unakera: huzuia hata programu halali mpaka uziruhusu.

Inapopwaya ni kwenye maonyo ya uongo, maana mengi ni kurasa za wavuti tu, si virusi. Kichujio chake cha SmartScreen hukagua kurasa ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft. Kwenye Chrome unategemea kinga ya Chrome yenyewe. Skrini ikijaa onyo lenye king'ora na namba ya simu, ni matapeli. Maonyo halisi ya Microsoft hayaweki namba ya simu. Shikilia Esc, kisha bonyeza Alt+F4. Ikigoma, Ctrl+Shift+Esc, chagua kivinjari, kisha kifunge kwa nguvu. Ukikifungua upya, kikitaka kurudisha kurasa za awali, kataa.

Vijionyo vya pembeni vyenye anwani ya tovuti ni arifa ulizoziruhusu bila kusoma. Futa ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kivinjari.