Jezi namba 34 ya Olajuwon, kutoka Owino

Nimeinunua Jumamosi Owino, soko la Kampala, kwa shilingi 35,000. Muuzaji alianzia 60,000. "Kaka, hii si ya kuigiza," aliniapia. Nikaigeuza ndani nje: namba imeshonwa kwa uzi mzito, haikubandikwa. Kwapa la kushoto lilikuwa limefumuka, fundi cherehani wa jirani akalirudishia kwa 2,000.

Hakeem Olajuwon ni mtoto wa Lagos. Alicheza mpira wa mikono na kandanda kwanza. Mpira wa kikapu aliujua akiwa kijana mkubwa tayari. Mwaka 1984 Houston Rockets, timu ya ligi ya kikapu ya Marekani (NBA), wakamchagua wa kwanza kati ya wachezaji wapya, kabla ya Michael Jordan, naye akawapa ubingwa 1994 na 1995. Alistaafu akiwa amezuia mitupo 3,830, na hajafikiwa hadi leo. Lakini mimi nampendea miguu. Anakuonyesha bega la kulia, unaruka, yeye keshageukia kushoto! Vijana wangu wa Nsambya nawafundisha hiyo kila jioni, na sasa nawafundisha nikiwa na 34 mgongoni.

Nilipoifua, nyekundu ilichuja kidogo. Ukipata kama hii, iloweke peke yake, maji baridi, na uianike kivulini.