Uzoefu wangu: kuskani barua za babu kutoka Bama

Nyota 3 kati ya 5, na zote tatu ni za mashine yao.

Nilipeleka studio moja hapa Dar barua ambazo babu, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki), alimtumia bibi kuanzia 1943 hadi 1945. Alianzia Ceylon (sasa Sri Lanka), kisha divisheni yake, ya 11 ya Afrika Mashariki, ikapelekwa Bama (sasa Myanmar) kupigana na Wajapani. Bei ni shilingi 3,000 kwa ukurasa, pamoja na nakala ya maneno yake iliyochapwa. Si rahisi, lakini penseli iliyokuwa imefifia kabisa sasa inasomeka, hata ile iliyoandikwa juu ya mikunjo.

Msitegemee habari za vita humo. Kila barua ilipita kwanza mikononi mwa ofisa, na kutaja mahali walipo kulikatazwa. Nusu ya karatasi ni salamu, "hofu ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu", halafu anaulizia: fedha zimefika kwa DC (mkuu wa wilaya)? Mbuzi amezaa? Mtoto, yaani shangazi yangu, ameanza kutembea? Vita utavibahatisha kwa tarehe tu. Mwishoni mwa 1944, divisheni ilipokuwa ikishuka bonde la Kabaw kuelekea Kalewa katika matope na malaria, babu anaandika kwamba mvua ya huko haijui kupumzika. Basi.

Katika barua hiyo hiyo ofisa mkaguzi wa barua alikata mstari mzima kwa wembe. Kwangu lile tundu ndilo lenye thamani kuliko ukurasa wote. Studio wameliziba! Programu yao ya "kurekebisha uharibifu" imelijaza rangi ya karatasi, ukiangalia utadhani babu aliruka mstari. Na muhuri wa mkaguzi pembeni wameukata ili ukurasa uonekane nadhifu.

Nakala iliyochapwa ndiyo iliyoniudhi zaidi. Babu aliondoka kijijini hajui kuandika. Barua za mwanzo ziliandikwa na wenzake, ndiyo maana miandiko ni tofauti tofauti. Za 1945 ni mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zilizolala, maneno yameungana, "nimejifuza" badala ya "nimejifunza". Jeshini walikuwa na walimu, na matunda yake ni hayo. Mhariri wa studio akasahihisha kila kitu, babu na waandishi wake wakawa mtu mmoja mwenye Kiswahili cha gazetini.

Nilipolalamika walikuwa waungwana, wakaskani upya bila malipo. Nakala iliyochapwa walikataa kuirudia, kwa hiyo ninaichapa mwenyewe jioni jioni, shangazi akinisomea.

Mkienda, semeni mapema: picha ghafi bila kusafishwa, kingo zote zionekane, karatasi nyeusi iwekwe nyuma ili matundu yajitokeze, na bahasha zipigwe picha pande mbili. Barua zenyewe msiziache pale usiku. Wana kabati, lakini liko chini ya kiyoyozi kinachovuja.