Jiko la mikebe ya soda kutoka Kamukunji: jepesi mno, ila lisiachwe bila kinga ya upepo

Wapanda milima wengi wa Nairobi hubeba mtungi mdogo wa gesi na kichomeo kinachozungushwa juu yake, na kwa safari ya watu wanne au watano sina neno nao. Kwa anayetembea peke yake, ambaye mapishi yake hayazidi chai, uji na tambi za kuloweka katika maji moto, chombo hicho ni kizito kuliko kazi inayofanywa. Ndiyo maana nilitaka jiko la spiriti la mikebe ya soda, ambalo watu wa kambi katika nchi nyingi hujitengenezea nyumbani, na ambalo fundi mmoja wa jua kali pale Kamukunji alikubali kuniundia kwa shilingi 350 pamoja na mafiga ya waya na kinga ya upepo. Alipouona mchoro alicheka, akidhani ni kitu cha kuchezea mtoto, kisha akaukata mkebe wa kwanza kwa makasi ya bati bila hata kuupima.

Jiko lenyewe ni vitako viwili vya mikebe ya mililita 330, kimoja kimeshindiliwa ndani ya kingine, na katikati yake umezungushwa ukuta mwembamba wa alumini hiyohiyo, hivi kwamba kunabaki uwazi baina ya ukuta wa ndani na wa nje. Spiriti humiminwa katikati, hupenya kwenye uwazi huo kupitia pengo dogo lililoachwa chini, na ikishapata joto hugeuka mvuke unaotafuta njia ya kutokea kwenye vitundu vya sindano vilivyotobolewa kuzunguka ukingo. Halina pampu wala utambi, halina kitu cha kuziba au kuharibika njiani, na uzito wake haufiki gramu 20. Mtu mwenye wembe, msasa, pini na subira anaweza kulitengeneza mwenyewe mezani. Nilichomlipa fundi ni mkono wake mwepesi, kwa sababu kukishindilia kitako kimoja ndani ya kingine bila kukipasua ukingo kunamsumbua sana asiyezoea.

Kazi ya kiungo ni safi na kingo zimepigwa msasa vizuri, hazikati kidole. Vitundu ndivyo vilivyoniudhi: upande mmoja vimekaribiana na vingine ni vipana, kwa hiyo ndimi za moto upande huo hurefuka na kuipanda sufuria ubavuni, joto likapotea hewani. Jambo lingine ambalo mnunuzi angepaswa kuambiwa ni kwamba mikebe ya soda hupakwa utando mwembamba wa plastiki ndani na rangi nje, na vyote viwili huungua na kunuka mara ya kwanza. Liwashwe nje, tupu, bila chakula juu yake, hadi harufu iishe.

Spiriti ikiwashwa huanza na mwako mlegevu wa katikati. Sufuria ikiwekwa mapema mno, moto huzimika. Ikisubiriwa kama dakika moja hivi, vitundu hushika kimoja baada ya kingine na duara la bluu hukamilika. Hapo nusu lita ya maji hutokota kwa dakika nane au tisa, kwa spiriti isiyozidi mililita 30, mahali pasipo na upepo.

Upepo ndio unaolipima jiko hili. Kwenye Milima ya Ngong, ambako mitambo ya umeme wa upepo haikusimikwa bure, moto ulilala upande mmoja na maji yakabaki vuguvugu mpaka spiriti ikaisha. Kinga ya fundi ilikuwa fupi, ikiishia chini ya kitako cha sufuria. Nilikata nyingine kutoka karatasi nene ya alumini, ikapanda hadi katikati ya sufuria na kuacha nafasi ya upana wa kidole pande zote, na matundu ya hewa chini. Tangu hapo jiko limekuwa jiko. Yeyote atakayeagiza la kwake asisitize jambo hili kabla ya jingine lolote.

Kuhusu spiriti, ile ya duka la vifaa vya ujenzi huwaka vizuri, lakini ile ya kusafishia vidonda ina maji mengi, huacha unyevu chini na moto wake ni dhaifu. Kilo ya spiriti hutoa takriban asilimia 60 tu ya joto la kilo ya gesi, kwa hiyo kwa safari ya siku nyingi faida ya wepesi huyeyuka. Kwenye baridi ya Mlima Kenya, spiriti hutoa mvuke kwa shida na hukataa kushika moto. Chupa iwekwe ndani ya koti kwanza.

Hatari yake kubwa ni kwamba mchana moto wake hauonekani. Wako walioongeza spiriti wakidhani jiko limezimika, na moto ukapanda hadi kwenye chupa. Lisiongezwe mafuta mpaka lipoe kabisa, lisiwashwe ndani ya hema wala juu ya nyasi kavu, na kwa kuwa halina swichi, kibebwe kifuniko cha bati cha kulizimia.

Kwa mtu mmoja na usiku mmoja au miwili Longonot, ningelinunua tena bila kusita. Kabla ya kulipa, mwombe fundi alijaze maji na kuliweka juu ya gazeti kavu kwa dakika chache: karatasi ikilowa, kiungo kinavuja, na huyo fundi atalazimika kukata mikebe mingine.