Kugeuza muundo wa faili za seva: hukohuko, au nakili kwanza?

Ukiandika cd \\seva\hati ili kuingia folda ya seva kwenye CMD (dirisha la amri) ya Windows, inagoma: haikubali njia ya mtandao iwe folda ya kazi. Dawa ni pushd \\seva\hati. Huipa folda herufi ya diski ya muda, mara nyingi Z:, unaendesha Pandoc (programu ya kugeuza miundo ya hati) kama kawaida, kisha popd inaifuta. Kwa faili mbili tatu, yatosha.

Faili mia je? Mimi nanakili kwanza hadi C: kwa robocopy (amri ya Windows ya kunakili), nageuza, narudisha matokeo. Mtandao ukikatika katikati, ugeuzaji unaendelea. (Weka /r:2 /w:5, yaani irudie mara 2 na ingoje sekunde 5 kila mara; bila hivyo robocopy hurudia faili iliyofungwa hadi mara milioni 1!) Kasoro: mwenzako akihariri faili ya seva baada ya wewe kunakili, umegeuza toleo la zamani.